Gauni Lililokwama Kwenye Kompyuta

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na tofali ndilo lenye akili kuliko sisi wote kwa sababu halijawahi kuchangia mada. Benchi limeegemea ukuta wa kibanda cha Fundi Pindo, mshonaji, na dirisha lake likiwa wazi sisi wa nje na yeye wa ndani tunakuwa wa chumba kimoja. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo ndiye pekee mwenye kazi pale nje. Wenzangu wana vyeo tu. Waya hufunga umeme majumbani, na akishamaliza kufunga, wenye nyumba hununua mishumaa. Gia aliendesha lori mpaka mgongo ukamwambia yatosha. Kaimu alikaimu ukuu wa idara tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akastaafu bado anakaimu, na hata leo ukimwambia kahawa imepoa anakujibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Alasiri hiyo Fundi alikuwa ameipitisha kompyuta dirishani, akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi iliyo nje, juu ya shati la mteja, na sote tulikuwa tumeizunguka kama watu wanaomwangalia mgonjwa asiyetaka kufumbua macho.

— Inasema haijatumwa, akasema Fundi.

— Inasema au imeandika? akauliza Waya.

— Imeandika.

— Basi usiitie maneno mdomoni. Imeandikaje?

Fundi akavaa miwani, akasoma kama anayesoma hukumu yake mwenyewe:

— "Ujumbe wako haujatumwa. Tutajaribu tena."

— Tutajaribu, akasema Gia. Wako wangapi humo ndani?

Kisa chenyewe ni hiki. Fundi ana binti mmoja, kitinda mimba, aliyekwenda ng'ambo kwa mama yake mdogo mara tu alipomaliza shule ya msingi. Tangu aondoke mlango wa kibanda umebadilishwa rangi, ukabadilishwa tena, na sasa umebambuka, rangi zote zinaonekana. Sasa binti anahitimu chuo, na alikuwa amemwandikia baba yake mstari mmoja: "Baba, siku ile nataka nivae nguo uliyoshona wewe." Fundi tangu hapo hakushona kingine. Suruali za watu zililala, magauni ya watu yalilala, mpaka hili la kijani likakamilika, likabaki kukunjwa pindo la chini tu. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa anasafiri kesho yake alfajiri kwenda mji huohuo, na amekubali kulibeba. Alichotaka Fundi ni binti alione leo, ajibu neno moja, kwamba linamfaa, ndipo akunje pindo, apige pasi, afunge. Gauni lenyewe lilitundikwa mlangoni. Upepo ukipita linajaa kifua na mabega kama kuna mtu ameingia ndani yake, halafu mtu huyo anaondoka, nguo inanywea. Nilimwona Fundi akiliangalia kila linaponywea.

— Si umpigie simu? akasema Waya. Simu haina "tutajaribu".

— Nikipiga anapokea.

— Sasa?

— "Shikamoo, baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo, baba." Halafu tunasikilizana tunavyopumua mpaka salio linaisha.

— Mbona mama yake alikuwa anaongea naye mpaka chungu kinaungua?

— Mama yake ndiye alikuwa anaongea. Mimi nilikuwa napita nyuma nasema, mwambie namsalimia.

 Tangu tumzike mke wa Fundi, maongezi yakifika hapo mimi humimina kahawa, hata kama vikombe vimejaa. Nikamimina. Kaimu akanywa ya kwake na iliyomwagika kwenye kisahani, kisha Waya akakunja mikono ya shati.

— Sikilizeni. Tatizo ni la kitaalamu. Kompyuta imechomekwa njia moja na pasi. Pasi inakula umeme kama shemeji aliyekuja kukaa siku mbili. Barua itapata wapi nguvu ya kuvuka bahari?

— Kompyuta ina betri, Waya.

— Betri ni akiba. Wahenga wamesema, akiba haiozi. Usiiguse.

Akachomoa pasi. Akachomoa taa. Akachomoa na redio ya kinyozi wa jirani, ambaye alitoa kichwa, akatuona, akakirudisha bila kuuliza, maana anatujua. Fundi akabonyeza Tuma. Ule mstari mwembamba wa chini ukaanza kusogea, ukasogea, sote tukasogea nao, ukasimama. Ujumbe wako haujatumwa.

— Ni kunguru, akasema Waya bila kuhema.

— Kunguru gani?

— Wale, juu ya mnara. Angalia wamekaa wangapi. Barua ikitoka hapa inapanda pale, inakuta mtu ameshakalia nafasi.

Akaokota kokoto akatupa. Mnara uko mbali. Kokoto likaangukia bati la mtu. Tukatulia kidogo mpaka mwenye bati akamaliza kututukana, na kunguru wakabaki walipo wakitusikiliza.

Kaimu alikuwa anasubiri zamu yake. Ofisini alisubiri hivyohivyo maisha yake yote, kwa hiyo ana mazoezi.

— Ndugu zangu, alianza, mimi nimeshughulika na majalada. Barua haiendi kwa sababu haikufuata utaratibu. Fundi, barua yako ina kichwa?

— Ina jina la mwanangu.

— Hiyo ni anwani. Nauliza kichwa. Inahusu nini?

— Inahusu gauni, Kaimu. Si liko hapo linaning'inia.

— Mtandao utajuaje? Sogea.

Akasogezewa kigoda. Akaandika kwa kidole kimoja cha cheo, herufi kubwa tupu: KUHUSU: GAUNI LA MTAJWA HAPO JUU. Akaongeza nakala kwa Fundi mwenyewe kwa kumbukumbu. Akaongeza nakala kwa ofisi yake ya zamani.

— Hao wanahusikaje na gauni la mtoto wangu?

— Hawahusiki. Ila wakiona, watajua bado nipo.

 Fundi akaiacha nakala ibaki, kwa adabu, akabonyeza. Mstari ukaenda, ukasimama palepale.

— Sasa nyinyi wasomi mmeshindwa, akasema Gia, mpisheni mtu aliyepeleka mizigo kweli. Fundi, umepakia nini humo?

— Picha.

— Picha za wapi?

— Za mbele. Kola, kifua, mikono yote miwili, mkanda. Nimepiga nyingi ili achague ile inayoonekana vizuri.

— Zote za mbele?

— Zote.

Gia akapiga paja kwa uchungu wa mtu aliyeona ajali ikija.

— Ndiyo hiyo. Umepakia mbele tupu. Lori likielemea mbele mlima halipandi, linainamisha pua tu. Weka mzigo nyuma.

— Mzigo juu ya mzigo?

— Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Fundi. Wahenga walikuwa wanazungumzia kupakia.

Basi tukaligeuza gauni. Fundi akapiga picha mgongo, zipu, vifungo vitatu vya shingoni, akapiga bitana kwa ndani, akapiga mshono wa ubavuni kwa karibu sana mpaka nyuzi zikaonekana kama reli. Kila picha aliiangalia kwanza, akaifuta kwa kidole kana kwamba ina vumbi. Nikamwuliza huo mshono wa nini, binti si fundi. Akasema:

— Alikuwa anakaa chini ya mashine anaokota vipande. Huo mshono anaujua. Akiuona atajua nilichukua muda.

Picha zikapandishwa nyuma kama Gia alivyoagiza. Bonyeza Tuma. Safari hii mstari hata haukusogea vizuri. Ulitikisika kama ng'ombe anayekataa daraja, ukafa.

— Imeanza kunyooka, akasema Gia. Hamkuona? Haikuinamisha pua.

— Haikwenda, Gia.

— Kwenda ni jambo lingine.

Waya, ambaye alikuwa bado anawatazama kunguru kwa jicho baya, akarudi na nadharia mpya.

— Mimi nadhani ni fupi. Barua yenyewe. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Sasa mtandao ukiona barua fupi unaona huyu ni mwongo, tapeli huyu, mzuie. Baba mzima anamwandikia mwanawe baada ya muda wote huu, kisha fupi? Hata mimi ningeizuia.

Naona aibu kusema kwamba hilo lilituingia akilini. Tukaamua kuirefusha. Ikashikwa simu ya Gia, tukajipanga kwenye benchi, tofali likavumilia, kila mtu akamsalimia binti kwa picha za video. Mimi niliinua birika nikamwambia kikombe chake bado kipo, na hata akija akavunja kimoja tutakuwa hatudaiani. Waya alimwambia asikubali mtu yeyote amfungie umeme kabla hajamwona yeye. Gia alimwonyesha njia ya kupita akitoka uwanja wa ndege, kona zote, pamoja na mbili zilizokwisha kujengwa nyumba juu yake. Kaimu alitoa hotuba, na hotuba ikafika mahali pa "kwa niaba ya wakazi wote" ndipo simu ikamwishia chaji. Tukachaji kwa njia ya pasi, tukamaliza hotuba. Zikapakiwa zote.

— Na wewe Fundi? nikamwambia. Umesalimia?

Akasimama mbele ya simu, mikono ikiwa inaning'inia kama ya gauni.  

— Mimi niwekeeni mashine, akasema.

— Mashine?

— Sauti yake. Alikuwa halali mpaka aisikie. Mama yake akimlaza kimya anaamka, mimi nikikanyaga anasinzia. Hata mkubwa hivyo, siku ya mitihani alikuja akalala kwenye marobota ya vitambaa.

Akaingia ndani, akakaa, akakanyaga pedali. Hakushona kitu, alitia kipande cha kitambaa kichakavu akakipeleka mbele, akakigeuza, akakirudisha. Gia alishikilia simu karibu na sindano. Ile mashine ina mlio wake, kama mvua ya mbali inayokaribia halafu inaghairi.  Hata Waya aliwaacha kunguru wake akasogea dirishani. Mashine ilikimbia muda mrefu kuliko hotuba ya Kaimu, na hakuna aliyemwambia Fundi basi.

Ikapakiwa nayo. Tuma. Kompyuta ikapiga feni kwa nguvu, ikapata joto mpaka shati la mteja chini yake likanyooka lenyewe, na baada ya hapo ikaandika yale yale. Tutajaribu tena.

Jua lilikuwa limeshaanza kuukimbia ukuta wetu, na maongezi yakapoteza breki.

— Kule ni usiku, akasema Gia. Binti amelala. Barua imefika mlangoni, imeona taa imezimwa, imerudi. Mtandao una adabu.

— Si kweli, akasema Kaimu. Barua iko mezani kwa mtu. Mtu huyo yuko likizo. Anayemkaimu hana mamlaka ya kuruhusu magauni.

— Nyie, kikulacho ki nguoni mwako, akasema Waya. Tulikague gauni. Huenda kuna kitu tumekishonea ndani kinazuia mawimbi. Zipu ni chuma.

Na alikuwa ameshika gauni kweli, anaichunguza zipu kwa bisibisi, wakati mwanamke mmoja aliposimama mbele yetu na sketi mkononi. Hatukumjua, ndio kwanza amehamia mtaani, alikuwa na zile funguo mpya mtu anazozishika mkononi kabla hajazitafutia kamba.

— Habari za hapa, akasema. Samahani. Kuna msiba?

— Hapana, dada yetu, karibu, nikamwambia. Kuna barua.

— Nilitaka zipu ya sketi. Lakini naona mna zenu. Akalitazama gauni mkononi mwa Waya, akasema: Zuri. Limetulia. Ni la mtoto wa darasa la ngapi?

Gia akacheka.

— Darasa? Huyo anahitimu chuo, mama. Binti wa Fundi. Yuko ng'ambo.

— Ahaa. Basi ni mwembamba.

 

— Au sivyo? akasema yule mama, kwa upole tu, kama mteja anayeuliza bei ya uzi. Siku hizi ana mwili gani?

Tukaangaliana. Waya akasema alikuwa mwembamba, mwembamba kabisa, na hapo akasikia mwenyewe neno "alikuwa" likatua. Kaimu akasema kwa mujibu wa taarifa za mwisho, akaishia hapo. Mimi nilimkumbuka akija na kikombe cha mama yake, akikishika kwa mikono miwili asimwage. Na mikono niliyoikumbuka ilikuwa midogo.

— Picha si anakutumia? akauliza Gia.

— Za uso, akasema Fundi. Anatabasamu. Uso hauna kiuno.

— Ila umempima, akasema Waya haraka, akimsaidia. Wewe ni fundi. Huwezi kukata bila kupima.

— Nimempima.

Na akavitaja, kifua, kiuno, nyonga, bega hadi kiwiko, haraka na bila kukosea, kama mtu anayetaja majina ya nduguze.

— Hivyo ni vya lini, baba? akauliza yule mama.

Fundi alishika ile futi ya kitambaa iliyokuwa shingoni mwake, ncha moja kila mkono.

— Asubuhi aliyoondoka. Alisimama hapo mlangoni na begi. Mama yake alikuwa analia, mimi sikujua la kufanya. Nikampima. Nilitaka nibaki navyo.

Yule mama akaikunja sketi yake mara mbili, akaiweka kwenye benchi taratibu.

— Wangu alikwenda bweni muhula mmoja, akasema. Muhula mmoja tu, aliporudi hakuna kilichompita mabegani. Akatazama kompyuta, akauliza: Na kwenye hiyo barua mmemwuliza yukoje?

Kaimu akavuta kigoda kwa kasi ya afisa. Akapitia yote kuanzia juu: kichwa cha habari, nakala, picha za mbele, picha za nyuma, bitana, salamu, hotuba sehemu ya kwanza, hotuba sehemu ya pili, mashine. Akapitia tena. Akavua miwani.

— Hakuna swali, akasema. Hakuna hata maneno. Fundi, hukuandika kitu?

— Nilidhani picha zinatosha.

— Mpigie, akasema Waya. Mpigie sasa hivi umwulize.

— Kwa simu nitasema hujambo.

Akamgusa Kaimu begani, na Kaimu, mtu ambaye hajawahi kuachia kiti kwa hiari yake, akaachia. Fundi akakaa. Akafungua barua mpya, nyeupe tupu. Kaimu akaanza kusema kuhusu kichwa, Fundi akamwambia, subiri kidogo, ndugu yangu. Akawa anatafuta herufi moja moja kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Hatukumchungulia, tuliangalia kunguru. Lakini benchi ni moja na kioo ni kikubwa, na alichoandika nilikiona: "Mwanangu, vipimo nilivyo navyo ni vya zamani. Niambie ulivyo sasa."

Akabonyeza Tuma.

Ikaenda. Hatukuona hata mstari, ilikuwepo, haikuwepo. Gia alifungua mdomo, macho yakamtoka kama mtu aliyekumbuka vituo vyote vya mizani alivyowahi kusimamishwa kwa kuzidisha mzigo, akaona aufunge tu. Kompyuta yenyewe ilibaki inahangaika na ile barua yetu ya kwanza, na feni yake, na "tutajaribu" yake.

— Atajibu? akauliza Waya, na safari hii hakuwa na nadharia.

— Kule sijui ni saa ngapi, akasema Fundi.

Niliinua birika nimimine, likatoka tone na makapi.  Hakuna aliyenyoosha kikombe.

Fundi akalichukua gauni kutoka kwa Waya, akalilaza mezani ndani nje, akatoa wembe kwenye kopo. Yule mama, bila kuombwa, akashika upande wa pili akaukaza. Wembe ukaingia kwenye mshono wa ubavuni, ule uliopigwa picha kwa karibu, nyuzi zikaanza kuachia moja moja, na kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani kikajitokeza, kijani zaidi kuliko kile kilichokwisha kuona jua.

— Fundi, nikamwambia, jibu halijaja. Unafumua, na hujui ni kiasi gani.

— Sijui, akasema, bila kuinua uso. Ninachojua ni kwamba mshono wake si hapa.